Abu al-Wafa al-Buzjani, Mwanachuoni Aliyeketi na Mafundi

Wengi katika vijana wetu wa Lodwar na Kakuma wakisikia neno mwanachuoni hudhani kwamba makusudio ni mtu asiyeshika kitu ila kalamu. Na wakisikia neno fundi hudhani kwamba ni mtu aliyeshindwa na kalamu akakimbilia nyundo. Dhana hii si ya vijana peke yao. Wako wazazi ambao mtoto wao akifaulu mtihani humhimiza asome, na asipofaulu humpeleka karakana kama apelekwavyo mtu kifungoni. Kwa hivyo msomi hukua hajui kupima, na fundi hukua hajui kwa nini kipimo chake kimekosa, na hasara ya wote wawili huwarudia watu wa mji. Tumeona vyema, basi, tueleze hapa maisha ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambaye alikuwa katika mabingwa wakubwa wa hesabu duniani, na ambaye hakuona haya kuketi na wajenzi na maseremala, awafundishe na ajifunze kwao. Mtu huyo ni Abu al-Wafa Muhammad al-Buzjani.

Alizaliwa siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 328 wa Hijra, nayo ni tarehe 10 Juni 940, katika mji wa Buzjan, nchi ya Khurasani. Mahali hapo leo pamo katika mashariki ya Iran, karibu na mpaka wa Afghanistan. Buzjan haukuwa Baghdad. Ulikuwa mji mdogo, mbali na makao ya ukhalifa na maktaba zake. Walakini elimu ilimkuta nyumbani kwao, kwani hesabu alifundishwa kwanza na jamaa zake wenyewe, ami yake na mjomba wake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba mtoto wa mji wa pembezoni hana njia. Njia ya kwanza ya Abu al-Wafa ilikuwa ni watu wazima wawili wa ukoo wake waliokubali kukaa naye wakamfundisha walichokijua.

Mwaka 348 wa Hijra, yaani 959, akiwa kijana wa miaka 19, alihamia Iraki akakaa Baghdad, na huko ndiko alikomaliza umri wake. Zama hizo makhalifa wa Bani Abbas walikuwa wamebakiwa na jina, na nguvu zilikuwa mikononi mwa watawala wa Bani Buwayh. Walikuwa watu wa vita na fitina nyingi, lakini baadhi yao walipenda elimu na wakawapa wanavyuoni nafasi ya kufanya kazi. Abu al-Wafa alisoma vitabu vya Wayunani vilivyokwisha kufasiriwa kwa Kiarabu, akaandika sherehe juu ya Euclid na Diophantus, na juu ya al-Khwarizmi, baba wa elimu ya aljebra. Sherehe hizo zimepotea. Hakuwa mtu wa kujifungia. Yeye ndiye aliyemwingiza mwandishi fukara Abu Hayyan al-Tawhidi katika baraza la waziri Ibn Sa'dan, kisha akamtaka amwandikie yote yaliyozungumzwa katika mikesha ile. Na maandishi hayo yakawa kitabu mashuhuri katika fasihi ya Waarabu.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza aliwaandikia makarani na watu wa biashara, baina ya mwaka 961 na 976. Ndani yake mna mafungu saba, na kila fungu lina milango saba. Mafungu matatu ya kwanza ni ya hesabu yenyewe: uwiano, kuzidisha na kugawanya, na vipimo vya maumbo. Manne yaliyobaki ni ya kodi, mabadilishano ya fedha, mishahara, na mambo mengineyo yanayomkabili karani kila siku. Tarakimu za Kihindi, ambazo leo dunia nzima huzitumia, zilikuwa zimekwisha kufika Baghdad, naye alizijua. Lakini makarani na wafanya biashara hawakuwa wamezizoea. Walihesabu moyoni na kwa vidole. Kwa hivyo aliandika kitabu kizima kwa maneno, bila ya tarakimu hata moja, ili wale aliowakusudia wapate kukisoma. Katika kitabu hicho alieleza pia kwamba ukiondoa 5 katika 3 hubaki deni la 2. Akaitumia namba iliyo chini ya sifuri kwa jina ambalo kila mwenye duka hulielewa.

Kitabu chake cha pili, ambacho ndicho kilichotufanya tumchague yeye, alikiandika katika miaka ya mwisho ya uhai wake, baada ya mwaka 990, katika utawala wa Baha al-Dawla. Jina lake lasema kwamba ni kitabu cha yale anayoyahitaji fundi katika kazi za handasa, ndiyo hii tuiitayo jiometri. Huanza na vyombo: rula, bikari na pembemraba. Kisha huendelea na kugawa mistari na pembe, kuchora maumbo yenye pembe nyingi ndani ya duara, na kugawa mraba vipande. Mambo mengi ameyafanya kwa bikari ambayo mdomo wake haubadilishwi tangu mwanzo wa kazi hata mwisho, kwa kuwa bikari ifunguliwayo na kufungwa kila mara humkosesha fundi kipimo. Na hoja ndefu za kuthibitisha kila jambo ameziacha kusudi, asije fundi akapotea njiani. Ameeleza humo pia namna ya kuchora kigezo cha kioo cha kuchomea, ambacho hukusanya miale ya jua mahali pamoja. Mstari wake wa mviringo haumo katika uwezo wa bikari. Basi amefundisha kutafuta nukta moja moja kwa kipimo, kisha kuziunganisha nukta hizo kwa mstari laini. Msomaji na aishike njia hii ya nukta, maana tutairudia.

Katika kitabu hicho ametaja habari ya mikutano aliyoihudhuria, ambayo watu wa handasa na mafundi walikaa pamoja. Suala lilikuwa hili: miraba mitatu iliyo sawasawa yakatwaje na kupangwa ili iwe mraba mmoja? Kwa fundi wa vigae au wa mbao zilizopambwa, hili si fumbo la kupitishia wakati, bali ni kazi ya kila siku. Watu wa handasa walijibu upesi kwa kuchora mstari ambao ndio ubavu wa mraba mkubwa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumfaa fundi kitu, kwani halikumwonyesha akate wapi. Mafundi nao walikuwa na njia zao za kukata na kupanga. Baadhi yake zilipendeza kwa jicho, ila zilikuwa na makosa, na aliyeyaona makosa hayo ni yule aliyejua kuhesabu. Ikiwa kila mraba mdogo una ubavu wa sentimita 10, mraba mkubwa hauna budi kuwa na ubavu wa sentimita 17.32, ukipungua hata nusu sentimita jicho halitambui, bali vigae hamsini vikipangwa safu moja ukuta mzima hutambua.

Abu al-Wafa hakuwacheka mafundi wala hakuwatetea wenzake. Alieleza kwamba mwenye handasa huujua ukweli kwa hoja lakini ni mzito wa kuutenda, na fundi huutenda kwa wepesi lakini huyategemea macho. Na kila mmoja amekosa kile alichonacho mwenziwe. Kisha akatoa njia yake. Chukua miraba miwili, ukate kila mmoja kwa mstari utokao pembe hata pembe, upate pembetatu nne. Uzipange pembetatu hizo kuuzunguka mraba wa tatu, kila ubavu pembetatu moja, zote zikielekea upande mmoja. Unganisha ncha zake kwa mistari. Vipande vitakavyotokeza nje ukate, utakuta vinajaza sawasawa mapengo yaliyobaki ndani. Hoja imetimia na mkasi umepata njia.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya vigae vya Baghdad yana nini na sisi tulio kando ya mto Turkwel, au wale walio kando ya Tarach? Jibu letu ni kwamba suala lile lile limo katika karakana zetu, ila limevaa bati badala ya kigae. Tazama jiko kubwa la shule. Moshi wa kuni huongozwa nje kwa bomba la bati la mviringo, na bomba hilo haliwezi kwenda moja kwa moja. Lazima lipinde kwenye kiwiko kisha litoboe paa lenye mteremko. Vivyo hivyo kwa mabomba ya kupitishia hewa katika majengo yanayotafuta nafuu ya joto hili letu. Kiwiko kikikatwa vibaya, moshi hutoka kwenye mshono ukarudi machoni na vifuani mwa wapishi. Na bati lililoharibika si jambo dogo. Bati la viwandani hutufikia kwa malori kupitia Kitale hata Lodwar, kisha lina safari nyingine ya kilomita zipatazo 120 mpaka Kakuma, na kila kilomita imo katika bei yake.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni hili. Bomba likikatwa kwa mshazari, mdomo wake huwa si duara tena bali ni duaradufu. Mwanafunzi akiuona mdomo ule, huchora duaradufu juu ya bati lililo bapa, akidhani akilikunja litakuwa kiwiko. Haliwi. Duaradufu ni umbo la mdomo baada ya bomba kukunjwa. Bati lenyewe likiwa bado bapa, ukingo wake ni wimbi lipandalo na kushuka. Kosa la pili ni la yule ajuaye kwamba ukingo hupanda na kushuka, lakini akaupandisha kwa mstari ulionyoka.

Tufanye hesabu. Bomba lina kipenyo cha sentimita 20, na twataka kiwiko cha pembe mraba kwa vipande viwili, kila kimoja kikatwe kwa digrii 45. Mzingo wa bomba ni sentimita 62.8. Ugawe sehemu 12, kila moja sentimita 5.24, usimamishe mstari katika kila mgao. Tangu upande mfupi wa kiwiko hata upande mrefu, urefu wa kuongeza juu ya mistari hiyo ni 0, 1.34, 5, 10, 15, 18.66 na 20. Kisha rudi ulivyokuja. Tia nukta, ziunganishe kwa mstari laini, ongeza upana wa mshono, ndipo ukate. Yule aliyepandisha kwa mstari ulionyoka atapata 3.33 pahali pa 1.34, na 16.67 pahali pa 18.66. Bati lake litazidi sentimita 2 upande wa ndani wa kiwiko na kupungua sentimita 2 upande wa mgongo, na kwa kuwa vipande ni viwili, pengo la mgongoni litakuwa sentimita 4. Nyundo haiwezi kuliziba pengo hilo, na mwenye kuivuta harufu yake ni mpishi.

Namba hizo 1.34, 5 na 18.66 hazikutoka hewani. Zatokana na jaibu za digrii 30, 60 na 90, yaani kile kipimo ambacho wanafunzi wa sekondari hukiita saini. Na wimbi la ukingo wa bati ndilo wimbi la jaibu lenyewe. Na hapa twarudi kwa mtu wetu. Abu al-Wafa ndiye aliyepiga upya hesabu ya majedwali ya jaibu, kwa kila robo ya digrii, akaipata jaibu ya nusu digrii kwa usahihi wa tarakimu nane baada ya nukta. Aliandika pia jedwali la tanjenti, na akathibitisha kanuni ya jaibu katika pembetatu zilizochorwa juu ya tufe, kanuni inayotumika katika nyota na katika kutafuta upande wa kibla. Walioifikia kanuni hiyo katika zama zake hawakuwa yeye peke yake, na wao kwa wao walishindana nani alitangulia. Majedwali yake aliyatengeneza kwa ajili ya mbingu. Fundi wa bati leo huyatumia, ajue asijue, kila akatapo kiwiko.

Ama duaradufu, nayo ilikuwa na wenyewe Baghdad kabla yake. Katika karne ya tisa al-Hasan, mmoja wa ndugu watatu wajulikanao kama Banu Musa, aliandika juu ya duara lililorefushwa, ambalo huchorwa kwa misumari miwili na uzi. Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, aliandika kitabu juu ya mikato ya umbo la bomba na juu ya uso wake wa nje. Na mjukuu wake Ibrahim ibn Sinan, aliyefariki mwaka 946, akaeleza namna ya kuchora mikato hiyo kwa nukta. Naye Abu Sahl al-Kuhi, aliyekuwa rafiki wa kazi wa Abu al-Wafa, aliandika juu ya bikari timilifu, chombo chenye mguu wa kulala kinachochora duaradufu kwa mzunguko mmoja. Fundi wetu hana haja ya bikari hiyo. Njia ya misumari yamtosha kwa tundu la paa. Paa likiwa na mteremko wa digrii 30, na bomba la kipenyo cha sentimita 20 likisimama wima, tundu litakuwa na upana wa 20 na urefu wa 23.09. Pigilia misumari miwili, umbali wa sentimita 11.55 baina yake, funga uzi ambao toka msumari mmoja hata wa pili ni 23.09, uuvute kwa kalamu na kuzunguka. Tundu litakaa sawasawa, na mvua, ikijaliwa kuja, haitaingia jikoni.

Mwaka 988 mtawala Sharaf al-Dawla alifungua nyumba ya kutazamia nyota katika bustani ya kasri lake Baghdad, akamweka al-Kuhi kuwa mkuu wake. Abu al-Wafa alikuwa miongoni mwa walioshuhudia vipimo vya jua mwaka huo. Ahmad al-Saghani, aliyekuwa mwanachuoni na pia mtengenezaji wa asturlabu, alikuwamo. Sharaf al-Dawla alifariki mwaka 989 na kazi ile ikasimama, lakini Abu al-Wafa hakusimama. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 alitazama kupatwa kwa mwezi akiwa Baghdad, na usiku huo huo kijana wa miaka 23 aliyeitwa al-Biruni aliutazama akiwa Kath, mji wa Khwarazm. Walikuwa wamekwisha kuagana. Walipolinganisha saa zao walikuta tofauti ya yapata saa moja, na kwa tofauti hiyo wakajua umbali wa miji miwili kwa longitudo. Mzee wa miaka karibu sitini, jina lake limeenea kote, alikubali kupimana na kijana asiyejulikana bado.

Alifariki Baghdad karibu mwaka 998, Mwenyezi Mungu amrehemu. Leo shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake. Yapo pia aliyosifiwa asiyostahiki: mwaka 1836 mwanachuoni mmoja wa Ufaransa, Sédillot, alidai kwamba Abu al-Wafa alitangulia kuvumbua namna fulani ya kuyumba kwa mwendo wa mwezi, pakazuka ubishi mrefu huko Paris, na mwisho ikabainika kwamba sivyo. Twataja jambo hili ili tusiwe watu wa kujipamba kwa sifa za uongo za waliotutangulia. Aliyoyatenda kwa hakika yanatosha.

Na kujisifu kwa mtu wa Khurasani hakutanyoosha kiwiko kimoja cha Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei ikafuata mwaka 2016. Humo mna vijana wa Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia, pamoja na wenyeji Waturkana jirani zao, na wengi katika wao wana mikono iliyokwisha kuzoea bati. Lodwar nayo ina shule, na walimu wanaoandika jaibu ubaoni bila ya mwanafunzi kujua ni ya nini. Twawaomba walimu hao waende karakana siku moja wakiwa na jedwali, na mafundi waende darasani siku moja wakiwa na bati kuukuu na mkasi. Na mzazi ampelekaye mwanawe kwa fundi amnunulie na bikari, asimwambie kwamba masomo yake yamekwisha.